Kutengeneza vitenzi vya lugha ya kubuni yenye ladha ya Kikelti: anza na mwanzo wa neno, sio mwisho

Wengi wakitaka lugha yao ya kubuni isikike Kikelti wanakimbilia tahajia, wanamwaga dd na w na gh kila kona, majina yanapendeza kweli, afu ukifika kwenye kitenzi unakuta ni Kiingereza kitupu, mtenda anatangulia, kitenzi kinafuata, wakati uliopita ni kijisilabi kimegandishwa nyuma basi yameisha. Lugha za Kikelti haziko hivo. Kitenzi kinakaa mbele ya sentensi, herufi yake ya kwanza inabadilika kutegemea kilichotangulia, na mara nyingi kile kilichotangulia chenyewe kimeshapotea kikaacha alama tu. Ukilishika hilo, miisho utajaza mwenyewe jioni moja.

Huu mwongozo ni wa yule anayeandika hadithi ya fantasia au anatengeneza gemu na anataka watu wake wa milimani wawe na lugha inayosimama. Nitatumia lugha ya mfano niliyoitunga kwa kazi hii, naiita Kitalvore, usiitafute popote haipo. Mifano ya lugha za kweli nitaitaja kwa jina ili usichanganye.

Kwanza chagua upande. Lugha za Kikelti zilizopo leo ziko makundi mawili, kuna Kiayalandi, Kigaeli cha Scotland na Kimanx, afu kuna Kiwelshi, Kikornwali na Kibretoni. Zina undugu lakini ladha tofauti kabisa, ukichanganya bila mpango inasikika vibaya. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alipotunga Sindarin, lugha moja ya hadithi zake, aliegemea sauti za Kiwelshi. Andrew Smith wa New Zealand alipoanza lugha yake ya kubuni Brithenig mwaka 1996 alikuja na swali tofauti, je kama Kilatini kingebaki Britania na kupitia mabadiliko yaleyale ya sauti yaliyopitiwa na Kiwelshi ingekuaje? Yote mawili ni mawazo mazuri maana yana mpango nyuma yake. Kitalvore mi nakiweka upande wa Kiwelshi kwenye miisho, afu naiba vitu viwili vitatu Ayalandi pale ninapovipenda, na nitasema nikiiba.

Sauti sasa. Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wenzetu wengi hawana, th ya thamani, dh ya dhahabu, gh ya ghali, kh ya kheri, zote unazo mdomoni tayari, na ndo sauti hasa ambazo lugha hizi zinazalisha pale herufi inapobadilika. Andika hivohivo kwa tahajia ya Kiswahili, msomaji wako atasoma bila maelezo. Sioni faida ya kuandika dd ukitaka dh.

Afu mabadiliko yenyewe. Usishtuke, Kiswahili nacho kinabadilisha kichwa cha neno kila siku ila hatukiangalii: ulimi unakuwa ndimi, ubavu unakuwa mbavu, watu wawili lakini nyumba mbili, mtu mrefu lakini barabara ndefu. Kulikuwa na n pale mbele ikaibana herufi iliyofuata. Kikelti kinafanya jambo la jamaa hiyohiyo ila kinalifanya kwa vitenzi pia na kwa kila aina ya neno. Kitalvore kina mabadiliko mawili tu, nayaita kulegeza na kupuliza:

kulegeza: p→b, t→d, k→g, b→v, d→dh, m→v, na g inapotea kabisa
kupuliza: p→f, t→th, k→kh (b, d, g, m zenyewe zinalegea tu kama hapo juu)

Herufi nyingine, yaani l, r, n, s na irabu, hazibadiliki. Kumbuka hizo maana baadaye zitatuletea shida, na shida hiyo ni tamu.

Kiwelshi kina aina tatu, cha kwanza karibu sawa na kulegeza kwangu, cha pili karibu sawa na kupuliza, cha tatu ni cha pua, c inakuwa ngh. Mi nimeacha cha pua. Ukitaka kiweke, ila anza na mawili, watu wanajaza aina tano afu wanashindwa kutunga sentensi.

Sasa miisho, na hapa ushauri wangu ni usiitunge moja kwa moja. Tunga ya zamani kwanza, yaani lugha mama ya miaka elfu moja na kitu nyuma, afu ipitishe kwenye sheria chache za sauti uone nini kinatoka. Mwisho uliotungwa kwa macho unanuka utunzi, mwisho uliopitia sheria una mikunjo ambayo usingeifikiria. Sheria zangu ni tatu. Moja, i ikiwepo kwenye mwisho inavuta a au o ya mzizi kuwa e. Mbili, konsonanti iliyo peke yake katikati ya irabu inalegea, m inakuwa v, t inakuwa d, s inayeyuka. Tatu, silabi ya mwisho inaanguka, na konsonanti yake ya mwanzo inabaki imening'inia.

Chukua mzizi kalv-, maana yake "ita". Miisho ya zamani nimeipanga -amu, -isi, -e, -omos, -ites, -anto. Ipitishe:

kalvamu → kalvavu → kalvav (mimi)
kalvisi → kelvisi → kelvi (wewe)
kalve → kalv (yeye)
kalvomos → kalvovos → kalvov (sisi)
kalvites → kelvides → kelvid (ninyi)
kalvanto → kalvant (wao, nt ni mbili kwa hiyo hazilegei)

Ona wewe na ninyi wamepata e kwenye mzizi na wengine hawana. Hii sio madoido, Kiwelshi cha vitabuni kinafanya hivi hasa, kitenzi cha kuimba kinaenda canaf, ceni, cân, canwn, cenwch, canant. Mzizi gord- "linda" unaenda gordav, gerdi, gord, gordov, gerdid, gordant. Mzizi ost- "lala" unaenda ostav, esti, ost, ostov, estid, ostant. Bresk- "vunja" ina e tayari kwa hiyo haitikisiki.

Kama mwanzo ningeweka -amos kwa sisi ningepata kalvav mara mbili, mimi na sisi wamelingana. Ikikutokea hiyo usiogope wala usirudi kufuta, lugha za kweli zinalingana hivo kila mara na watu wanaongeza kiwakilishi nyuma, kalvav mi, kalvav ni. Kiwelshi cha kuongea leo kinaweka kiwakilishi nyuma karibu kila mahali, welon ni ni sisi tuliona na welon nhw ni wao waliona, mwisho ni uleule, kiwakilishi ndo kinaokoa.

Sasa mpangilio wa sentensi. Kitenzi mbele, mtenda, mtendwa. Mwanamke ni mer, kiambishi cha kutaja kitu kinachojulikana ni an na kinalegeza maneno ya kike, kwa hiyo an ver. Mbwa ni kuth, wengi kuthen, neno la kiume halilegei.

Na hapa kuna kitu nakipenda sana. Yeye ana sura mbili. Kitenzi kikisimama chenyewe mwanzo wa sentensi bila kitu mbele yake kinabeba mkia -ith, unavuta irabu kama kawaida: kelvith, gerdith, estith, breskith. Kikitanguliwa na kineno chochote cha kukana au kuuliza, mkia unaanguka: kalv, gord, ost, bresk. Nimeiba wazo hili kwenye Kiayalandi cha kale ambako "anabeba" ni beirid likisimama peke yake lakini "habebi" ni ní beir, na pale mfumo ni mkubwa zaidi unagusa nafsi zote. Kuna maneno yanafika mbali kabisa, "anasema" ni as·beir na "hasemi" ni ní epir, mkazo umehama neno likajikunja lote. Mi nimechukua kijipande tu cha yeye na kinatosha. Na msomaji wa Kiswahili hatashangaa, anasoma, hasomi, ukikana mbele na nyuma panabadilika vilevile.

Gerdith an kuth. Mbwa analinda (mmoja).
Gerdith an kuthen. Mbwa wanalinda (wengi).

Angalia tena sentensi ya pili. Watenda ni wengi lakini kitenzi kimebaki umoja. Ndo sheria ya Kiwelshi, ukitaja mtenda kwa jina kitenzi kinakaa sura ya yeye hata wakiwa mia, wingi unatoka tu pale hujataja jina: gordant, wanalinda. Sisi tunaumia hapa kwa sababu kwetu kitenzi lazima kifuate ngeli, tena kwa neno kama mbwa kitenzi ndo kinasema ni mmoja au wengi maana neno halisemi. Kitalvore kinafanya kinyume, jina linasema, kitenzi kinanyamaza. Mwandishi akisahau hili lugha inarudi kuwa Kibantu kimya kimya.

Haya, wakati uliopita. Hapa ndo moyo wa mambo kwa hiyo twende taratibu.

Kiayalandi kina kitenzi dún, funga. Nilifunga ni dhún mé. Herufi ya kwanza imelegea na hakuna kingine. Imetoka wapi? Zamani kulikuwa na kineno do mbele yake, do dhún, kikalegeza d, afu watu wakaacha kukitamka. Kimeondoka, alama imebaki. Na ushahidi uko kwenye vitenzi vinavyoanza na irabu, ól ni kunywa, nilikunywa ni d'ól mé, ile d' ndo kineno chenyewe kimejishikiza pale ambapo hakikuweza kupotea. Kiwelshi cha kuongea nacho kina vineno fe na mi mbele ya kitenzi, vinalegeza, afu watu wanaviacha huku kitenzi kimeshalegea.

Kwa hiyo tunga kineno, kipe nguvu ya kulegeza, afu kiue. Changu ni de.

galvav, gelvi, galv, galvov, gelvid, galvant: niliita, uliita, aliita na kuendelea
vreskav, vreski, vresk...: nilivunja, ulivunja, alivunja
d'ostav, d'esti, d'ost...: nililala, ulilala, alilala

Na gord-? G inapotea ikilegea, neno linabaki linaanza na irabu, kwa hiyo kineno kinarudi: d'ordav, nililinda. Sikulipanga hili, limetoka lenyewe kwenye sheria, na Kiayalandi kina kitu kilekile, fan ni subiri, f ikilegea haitamkwi, nilisubiri ni d'fhan mé. Vitu vya namna hii ndo unavitafuta.

Halafu angalia yeye wa wakati uliopita, galv, hana -ith. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na kineno mbele yake, na ukitanguliwa mkia unaanguka. Kineno kimekufa lakini mkia haujarudi. Kwa hiyo kelvith anaita, galv aliita, na hizo mbili zinatofautiana pande zote mbili ingawa wewe hukutunga mwisho wowote wa wakati uliopita. Hapa ndo nasema kuna watu wanajisumbua kutunga miisho mipya kwa kila wakati na hawana haja.

Ile shida ya l, r, n, s sasa. Mzizi lank- "ruka", ninaruka ni lankav, nilivyosema l hailegei, kwa hiyo niliruka ingekuwa lankav pia. Una njia tatu. Acha zifanane, muktadha utabeba. Au ongeza mwisho kwa vitenzi hivi tu. Au, na ndo nimechagua, kineno kimekataa kufa hapa kwa sababu kilikuwa na kazi: de lankav. Sababu inaeleweka, watu wanaacha kutamka kitu pale ambapo hakipotezi maana. Tokeo lake ni kwamba mtoto wa Kitalvore anaamini kuna aina tatu za wakati uliopita wakati babu zake walikuwa na moja tu.

Kukana: kineno ni, kinapuliza. Ni khalvav, siiti. Ni vreskav, sivunji. Ni ordav, silindi. Yeye bila mkia, ni khalv an ver, mwanamke haiti. Kukana wakati uliopita usitunge kipya, gonganisha ni na de vikawa nid, na kwa kuwa de ndo imekaa karibu na kitenzi basi inalegeza: nid galvav, sikuita, nid ordav, sikulinda, nid lankav, sikuruka. Kiayalandi kimefanya hivohivo, ní ya kukana iligongana na kineno ro cha zamani ikazaliwa níor.

Mtaani sasa watu wanachoka na ni mbele, wanaweka kitu nyuma ili kukazia, bek, zamani maana yake punje. Ni khalvav bek, siiti hata punje. Afu ni inaanguka: khalvav bek. Kupulizwa kumebaki pale mbele kama kovu. Kiwelshi kimepita njia hii, ddim yao ya kukana ilitoka kwenye neno la kitu chochote, na ni ya mbele imeanguka ikaacha herufi imebadilika. Ukiwa na wahusika wa mjini na wa kijijini kwenye hadithi yako, hii inakupa namna mbili za kuongea bure, padri anasema ni khalvav, kijana wa sokoni anasema khalvav bek.

Kuuliza: a kinalegeza kwa sasa, ad kinalegeza kwa zamani. A galv an ver? Je mwanamke anaita? Ad galv an ver? Je aliita? Na jibu sio ndiyo wala hapana kwa sababu hakuna maneno hayo, unarudisha kitenzi. Kelvith. Au Ni khalv. Kiayalandi kinajibu hivi, Kiwelshi pia ingawa Kiwelshi kwa wakati uliopita kina neno moja la kukubali, do, na la kukataa, naddo. Ukiandika mazungumzo hapo ndo msomaji ataanza kuisikia lugha, kuliko hata kwenye wimbo mrefu wa mashujaa.

Sasa ngoja, kuna mtego ulioingia wenyewe. Watu wakiongea haraka wanaangusha a ya kuuliza. Linabaki galv an ver? na hilo linafanana kabisa na aliita. Lugha ikifika hapa huwa inatafuta njia, na njia ya Kikelti inajulikana: kitenzi cha kuwa, kihusishi, na jina la kitenzi. Yaani badala ya "naita" unasema "niko katika kuita".

Jina la kitenzi ni kama kuita, kulinda, kulala ya kwetu, ila lao halina umbo moja. Sisi tuna ku- basi, wao kila kitenzi na lake, na unatakiwa ulikariri. Usiweke mwisho mmoja kwa vyote maana hiyo inaua ladha. Yangu: kalvo, gordin, bresk (mzizi mtupu), ostas, lanki.

Kitenzi cha kuwa kiko hivi: um, us, tha, uvan, ukh, unt. Zamani: vum, vus, vu, vuvan, vukh, vunt. Na kwa kuwa hiki ndo kitenzi kinachotumika kuliko vyote, tha kikitanguliwa na kineno kinabadilika kabisa: ni ol, hayupo, a ol, je yupo? Kiayalandi ni tá, níl, an bhfuil, mzizi mwingine kabisa umeingia.

Tha an ver in kalvo. Mwanamke anaita sasa hivi, yumo katika kuita.
Tha an ver os kalvo. Ameshaita, yuko baada ya kuita.
Tha an ver er kalvo. Yuko karibu kuita.

Kihusishi kimoja kinabadilika na umepata wakati mpya. Kiwelshi kinasema wedi, baada ya, Kiayalandi tar éis, baada ya pia. Hapa usitunge kitenzi kingine, tunga vihusishi.

Kitu cha kuangalia ni mtendwa. Kuita ni jina, na jina halichukui mtendwa, linachukua mwenye. Kwa hiyo "ananiita" inakuwa "yumo katika kuita kwangu". Mo ni -angu, do ni -ako, vyote vinalegeza: Tha an ver in do galvo, mwanamke anakuita. Tha an kuth in mo ordin, mbwa ananilinda, g ya gordin imepotea. Watunzi wengi wanaandika "in kalvo ti" na hapo wamerudi Kiingereza.

Basi umbo hili refu likishika kazi ya sasa, lile umbo fupi kalvav linabaki halina kazi, na lugha haiachi kitu kikae bure, linasogea kuwa la mazoea na la wakati ujao. Kiwelshi cha kuongea kimefika hapo, umbo fupi ambalo vitabuni ni la sasa, mtaani maana yake ni nitaona, nitaimba. Kwa hiyo Kitalvore cha leo um in kalvo ni naita, kalvav ni nitaita au huwa naita. Ukitaka wakati ujao wa namna nyingine angalia Kikornwali, wao wanatumia kitenzi cha kutaka, my a vynn, nataka, basi ndo nitafanya. Hii kwetu haina ugeni, -ta- ya nitakwenda wanaisimu wengi wanaieleza kuwa ilitoka kwenye kutaka.

Umbo lisilo na mtu ni lazima uliweke, bila hilo lugha inakosa kitu. Sio kutendwa kama -wa yetu hasa, ni kitenzi ambacho mtenda hayupo na hatatajwa. Sasa -ir: kelvir, watu wanaita, kunaitwa. Wales unaweza kukuta kibao Siaredir Cymraeg yma, Ireland wanaandika Labhraítear Gaeilge anseo, vyote maana yake lugha yetu inazungumzwa hapa. Zamani naweka -ad na hapa naiba tena Ayalandi, kule umbo hili la zamani mara nyingi linakataa kulegea, dhún mé nilifunga lakini dúnadh kulifungwa. Kwa hiyo kalvad, k imebaki k. Usiulizwe kwa nini, lugha nzuri inahitaji sheria moja isiyo na adabu.

Kuwa na kitu sitakaa sana hapo maana sisi ni ndugu kwenye hili, kusema una kitu Kiswahili hakitumii kitenzi cha kumiliki, kinatumia kuwa na, nina mbwa ni niko na mbwa. Kitalvore: Tha kuth genav, yuko mbwa kwangu, na kihusishi kinabeba nafsi, genav, geni, vilevile nami, nawe.

Ukimtanguliza mtenda kwa kumkazia, weka a ya kuunga, inalegeza, na kitenzi kinakaa sura ya yeye kwa nafsi zote: Mi a galv, ni mimi ninayeita, Ti a galv, ni wewe. Kibretoni kinaishi kwa sentensi hizi, me a wel, te a wel, naona, unaona, kitenzi hakitikisiki. Ila usizidishe, ukitanguliza mtenda kila mara umepoteza kitenzi cha mbele ambacho ndo ulikitafuta.

Vitenzi vikaidi, yaani visivyofuata sheria, weka vichache na viwe vile vinavyotumika kila saa. Kiayalandi sanifu kina kumi na moja tu, kuwa, kusema, kwenda, kuja, kuona, kusikia, kufanya, kupata, kutoa, kula, na kile cha kubeba. Orodha hiyo inakufundisha mengi, kitenzi cha kukwangua samaki hakiwezi kuwa kikaidi, hakuna anayekitumia vya kutosha kukumbuka ukaidi wake. Wangu wa kwenda unaenda ethav kwa sasa na khuv kwa zamani, jina lake ni mona, mizizi mitatu imekutana. Wa kuona una ubishi wa vineno, nilikiona ni d'ardav lakini sikukiona ni nid vekav. Viwili vitatu hivi vinatosha.

Kwenye kazi yenyewe fungua jedwali la kompyuta au daftari, kila kitenzi kipe mzizi, sura ya kulegea, sura ya kupulizwa, jina lake, na yeye mwenye mkia. Gord-, ord-, ord-, gordin, gerdith. Kalv-, galv-, khalv-, kalvo, kelvith. Vitano hivyo ukiwa navyo mengine yote unayatoa. Afu jaribu kwa mazungumzo mafupi, sio kwa jedwali, jedwali linadanganya:

– Ad galv an ver an kuth? (Je mwanamke alimwita mbwa?)
– Galv. (Ndiyo.)
– A ol in ostas? (Kwani mbwa amelala?)
– Ni ol. Tha in gordin an lan. (Hapana. Analinda kijiji.)
– Ni khalvav bek. (Basi mi siiti kabisa.)

Soma kwa sauti. Kama kila sentensi inaanza na herufi ileile unayoiona kwenye kamusi yako basi mabadiliko hayafanyi kazi, rudi uangalie vineno vyako. Kama hakuna hata moja inayoanza na herufi ya kamusi umezidisha, ondoa kulegeza sehemu moja.

Na kamusi ukiitoa pamoja na hadithi, fikiria msomaji aliyekutana na d'ordav. Ataitafuta kwenye d, hataipata, ataitafuta kwenye o, hataipata, iko kwenye g ambayo haionekani popote. Kamusi zetu zinamfanyia mtu hivohivo kwa ndimi na mbavu, ila pale mtu alizaliwa na lugha. Weka ukurasa mmoja mwanzoni: neno likianza na v jaribu b afu m, likianza na dh jaribu d, kh jaribu k, likianza na irabu na mbele kuna d' au nid jaribu kuongeza g.